Kufuli la mlangoni ni deni lisiloonekana kwenye mizania

KWA mfanyabiashara wa nyama, hesabu huanza mnadani. Bei ya ng'ombe akiwa hai, ushuru, nauli ya lori, uzito unaopotea njiani, bei ya kilo buchani, ngozi na utumbo: yote hayo huandikwa. Mwenye hisa zake chache katika kampuni ya kusindika nyama naye husoma mauzo, gharama, faida na gawio. Lakini ipo hesabu moja ambayo wote wawili huiruka, nayo ni ya mkono unaoshika kisu. Hesabu hiyo haina mstari wake katika mizania, hadi siku inapojiandika yenyewe. Siku hiyo huandikwa kwa mkupuo, na mara nyingi kampuni haina uwezo wa kuilipa.

Wakurugenzi wengi bado wanaiona habari ya usalama kazini kuwa ni jambo la chama cha wafanyakazi na wakaguzi wa serikali, jambo la kutoa fedha na kunyamaza. Hilo ni kosa la kibiashara. Katika viwanda vya nyama, namna uongozi unavyolinda watu wake ndiyo kipimo cha mapema kuliko vyote cha namna unavyoendesha kampuni nzima. Mwekezaji anayesubiri kuona hatari hiyo kwenye vitabu vya hesabu huwa amechelewa.

Kuku walilindwa, watu wakafungiwa

Mfano ulio wazi uko Hamlet, mji mdogo wa jimbo la North Carolina nchini Marekani. Hapo palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Imperial Food Products kilichokuwa kikikaanga na kufungasha vipande vya kuku. Asubuhi ya Jumanne, Septemba 3, 1991, bomba la mafuta ya haidroliki lililokuwa likiendesha mkanda wa kusafirishia nyama lilichomoka karibu na tangi la kukaangia. Mafuta yakatoka kwa shinikizo kubwa, yakatawanyika kama ukungu na kukutana na moto wa gesi wa tangi lile. Katika muda wa dakika chache jengo likajaa moshi mweusi.

Wafanyakazi wapatao 90 walikuwa ndani. Walio karibu na lango la mbele walitoka. Walio nyuma walikimbilia milango mingine wakaikuta imefungwa au imezibwa. Baadaye mlango mmoja ulikutwa na alama za mateke ya watu waliojaribu kuuvunja. Wengine walikimbilia chumba cha baridi wakidhani kitawakinga, lakini moshi uliwafuata humo humo. Watu 25 walikufa, wengi wao wanawake, na zaidi ya 50 walijeruhiwa.

Kwa nini milango ilifungwa? Sababu iliyotajwa zaidi ni kwamba uongozi ulihofia wafanyakazi kuiba kuku. Kiwanda hakikuwa na mabomba ya dari ya kunyunyizia maji, na wafanyakazi hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutoka haraka moto ukitokea. Kwa miaka 11 ya uendeshaji wake, idara ya jimbo inayosimamia usalama kazini haikuwa imekikagua hata mara moja. Wakati huo huo mkaguzi wa serikali kuu anayehusika na ubora wa nyama alikuwa akifika kiwandani kila siku. Kwa maneno mengine, kuku alikaguliwa kila siku, na mkataji wa kuku hakukaguliwa kwa miaka 11.

Matokeo ya kibiashara yalikuwa haya. Serikali ya jimbo iliitoza kampuni faini ya dola 808,150. Mwaka 1992 mmiliki alikiri mashitaka 25 ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka karibu 20, ingawa alitoka baada ya kutumikia chini ya miaka mitano. Kampuni ilifilisika na kiwanda hakikufunguliwa tena. Madai ya waathirika yaliangukia kampuni za bima kwa mamilioni ya dola. Wafugaji na wauzaji waliotegemea kiwanda hicho walipoteza mteja kwa siku moja, na mji ukapoteza ajira. Bunge la jimbo lilipitisha sheria mpya, likaongeza wakaguzi na kuwapa kinga wafanyakazi wanaotoa taarifa za hatari.

Hapo ndipo mfanyabiashara anapotakiwa kuchukua kalamu yake. Ni kuku wangapi wangeweza kuibwa kupitia mlango ule kwa miaka 11? Hata kama wangeibwa kila siku, thamani yao isingekaribia gharama ya asubuhi ile. Kufuli lile liliwekwa ili kuokoa fedha. Likawa ni deni kubwa kuliko mali yote ya kampuni, na halikuandikwa mahali popote.

Tangazo la ukutani si mazoea

Ikumbukwe kwamba kufuli la Hamlet halikusahauliwa mlangoni kwa bahati mbaya. Lilikuwa ni uamuzi. Mtu aliulizwa, au alijiuliza, lipi ni zito zaidi, kuku au njia ya kutokea, naye akajibu. Utamaduni wa usalama, neno ambalo siku hizi limejaa katika taarifa za mwaka za makampuni, hauna maana nyingine zaidi ya hiyo. Ni jibu linalotolewa pale mambo mawili yanapogongana: kazi iishe, au mtu asiumie.

Jibu hilo halitoki kwenye tangazo la "Usalama Kwanza" lililobandikwa getini. Mfanyakazi hulisoma kwa msimamizi wake, saa tano asubuhi, wakati lori la mteja linangoja na nyama haijatosha. Msimamizi akisema "fanya haraka, hayo mengine baadaye," kiwanda kizima kimejifunza sera halisi ya kampuni. Semina ya siku tatu katika hoteli ya kifahari haitaifuta sera hiyo.

Chukua kisu. Kila mchinjaji anajua kwamba kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali, kwa sababu kisu butu kinahitaji nguvu, na penye nguvu nyingi ndipo mkono unapoteleza. Kisu butu vilevile huchosha kiwiko na kifundo cha mkono, na mkono uliochoka ukirudia tendo lile lile maelfu ya mara kwa siku huishia kufa ganzi na kuvimba. Lakini kunoa kisu kunachukua dakika, na dakika hizo zinaonekana kama upotevu kwa anayehesabu kilo tu. Kampuni inayotenga muda wa kunoa ndani ya saa za kazi, na kumpa kila mtu glavu ya nyuzi za chuma kwa mkono usioshika kisu, imeshaanza kujenga utamaduni huo bila hotuba. Isiyofanya hivyo haina utamaduni huo, hata ikiwa na cheti ukutani.

Chukua msumeno wa umeme wa kukatia mifupa. Kinga yake ya chuma hupunguza kasi kidogo, kwa hiyo huondolewa "kwa muda", na muda huo hauishi. Chukua sakafu yenye damu na mafuta, ambayo kuimwagia maji ya moto kila baada ya muda ni kazi ya mtu mmoja, na kutoimwagia ni kuvunjika nyonga kwa mwingine. Chukua mitambo ya baridi inayotumia gesi ya amonia, ambayo ikivuja huchoma macho na mapafu. Hakuna siri katika mambo hayo. Yanajulikana katika kila machinjio. Kinachotofautisha kampuni moja na nyingine ni nani ana ruhusa ya kusimamisha kazi anapoyaona.

Hapo pana swali ambalo mwekezaji yeyote anaweza kulipima bila kuwa mhandisi: je, kibarua wa siku akiona hatari, anaweza kubonyeza kitufe cha kusimamisha mkanda, na kesho akaitwa tena kazini? Ikiwa jibu ni hapana, basi uongozi umejifunga macho. Wanaoona hatari kwanza ni wale walio karibu nayo. Wakinyamazishwa, habari itakayofika ofisini itakuwa habari ya msiba.

Kiti kilichokuwa wazi

Miaka 30 baada ya Hamlet, Januari 28, 2021, somo lilirudiwa katika mji wa Gainesville, jimbo la Georgia, katika kiwanda cha kuku cha kampuni ya Foundation Food Group. Kampuni ilikuwa imeanza kutumia mtambo mpya wa kugandisha nyama kwa naitrojeni ya majimaji. Naitrojeni yenyewe si sumu, lakini ikimwagika chumbani hugeuka gesi na kuisukuma nje hewa ya kupumua. Haina harufu wala rangi. Siku hiyo mtambo ulifurika. Watu sita walikufa, na baadhi yao walikuwa wamekimbilia mle kuwasaidia wenzao bila kujua kuwa hewa imekwisha.

Uchunguzi wa bodi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia ajali za kemikali ulibaini kifaa cha kupimia ujazo kilichopinda. Lakini kwa mwekezaji, jambo la pili katika uchunguzi huo ndilo zito zaidi: nafasi ya meneja wa usalama ilikuwa wazi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ajali. Aidha, hapakuwa na vifaa vya kutoa ishara hewa inapopungua, na wafanyakazi hawakuwa wameandaliwa kwa hatari hiyo.

Kampuni ilipata fedha za mtambo mpya, ambao huongeza uzalishaji, lakini kiti cha mtu wa kuuliza "ukifurika itakuwaje?" kikabaki kitupu. Hakuna mkurugenzi ambaye angeacha kiti cha mhasibu mkuu wazi kwa mwaka mzima na bado akatarajia wenye hisa waamini hesabu zake. Basi kwa nini wakubali kiti hiki kiwe wazi?

Posho ya kuja kazini ukiwa mgonjwa

Njia ya haraka ya kujua kampuni inataka nini ni kutazama inalipia nini. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipoingia katika viwanda vya nyama vya Marekani, kiwanda cha nguruwe cha Smithfield kilichoko Sioux Falls, South Dakota, kilikuwa na wafanyakazi wapatao 3,700 waliosimama bega kwa bega kwenye mkanda. Kampuni ilitangaza posho ya dola 500 kwa wale ambao hawangekosa zamu mwezi wa Aprili. Nia ya posho hiyo inaweza kuelezwa kuwa ilikuwa shukrani. Lakini mtu mwenye homa na watoto wa kulisha angeielewa vipi?

Kiwanda hicho peke yake kilikuwa kikitoa asilimia 4 hadi 5 ya nyama ya nguruwe ya Marekani. Katikati ya Aprili kilifungwa kwa takriban wiki tatu. Kwa mujibu wa mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo, wafanyakazi wasiopungua 1,294 waliambukizwa na wanne walikufa. Viwanda vingine vilifunga pia, na soko likafanya jambo ambalo wauza mifugo wanapaswa kulikumbuka: bei ya nguruwe hai ilishuka kwa sababu hakuna wa kumchinja, wakati bei ya nyama dukani ilipanda kwa sababu haitoshi. Mfugaji na mlaji wakapata hasara kwa pamoja. Baadhi ya wafugaji waliwaua nguruwe wao na kuwafukia.

Na faini je? Mamlaka hiyo ilipendekeza dola 13,494. Kwa kampuni kubwa kama ile, hizo ni fedha za chai. Hii ndiyo sababu mwekezaji asiitumie faini kama bei ya hatari. Anayesema "tukikamatwa tutalipa" anahesabu kipande kidogo kuliko vyote. Hasara halisi ilikuwa wiki tatu za mitambo kusimama, wateja kutafuta nyama kwingine, na jina la kampuni kutajwa pamoja na idadi ya wagonjwa.

Gharama isiyo na risiti

Wapo watakaosema kwamba faida ya nyama ni nyembamba, ushindani ni mkali, na mambo haya ni ya wazungu wenye fedha. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Chukulia kiwanda kinachochinja ng'ombe 100 kwa zamu ya saa nane. Mtu amekatwa na msumeno. Kazi imesimama saa mbili: kumtoa, kusafisha, kuchunguza. Ng'ombe 25 hawakuchinjwa. Wamebaki zizini wakipungua uzito ambao kampuni imeshaulipia. Nyama iliyoguswa na damu ya mtu inatupwa. Lori la baridi linangoja huku injini ikiwaka. Mteja wa hoteli amepata pungufu, na kesho atampigia simu muuzaji mwingine. Fundi aliyeumia alichukua miezi mingi kujifunza kutenganisha nyama na mfupa bila kupoteza gramu. Anayeshika nafasi yake ataacha nyama kwenye mfupa kila siku hadi atakapozoea. Wenzake waliobaki wanakata wakiwa na woga, na woga hupunguza kasi kuliko kinga ya msumeno. Mwisho wa mwaka kampuni ya bima inapandisha ada yake.

Katika yote hayo, risiti iliyopo ni moja tu, ile ya hospitali. Mengine yameyeyuka ndani ya mistari ya "gharama za uendeshaji" na "upotevu". Meneja atasema kwenye mkutano mkuu kuwa mwaka ulikuwa mgumu, na wenye hisa watakubali kwa vichwa. Kumbe mwaka ulikuwa mgumu kwa sababu ya kinga iliyoondolewa kwenye msumeno.

Somo la kampuni ya alumini

Upo ushahidi kutoka sekta nyingine ambao wasomaji wa masoko wanaufahamu. Mwaka 1987 Paul O'Neill aliteuliwa kuongoza kampuni ya alumini ya Alcoa ya Marekani. Alipokutana na wawekezaji mjini New York hakuanza na faida wala kodi. Alianza na usalama wa wafanyakazi, akasema lengo ni ajali sifuri. Wapo waliotoka ukumbini wakidhani kampuni imepata kichaa, na inasimuliwa kuwa wakala mmoja wa hisa aliwahimiza wateja wake wauze haraka.

Walioharakisha kuuza walijuta. O'Neill alipostaafu mwaka 2000, faida ya mwaka ya Alcoa ilikuwa imeongezeka takriban mara tano, na siku za kazi zilizopotea kwa majeraha zilikuwa zimeshuka sana. Haiwezekani kusema kuwa usalama peke yake ndio ulioleta faida hiyo. Bei za dunia na ununuzi wa makampuni mengine vilichangia. Lakini njia ilieleweka. Ili kujua kwa nini mtu ameumia, ni lazima kujua mtambo unavyofanya kazi na mahali unapokosea. Kampuni inayojua hayo hupunguza upotevu wake wote. Na ili habari ya ajali imfikie mkubwa haraka, ni lazima habari nyingine nazo ziweze kupita njia hiyo hiyo.

O'Neill alifanya jambo lingine ambalo wakurugenzi wa nyama wangepaswa kulibandika ofisini. Mwaka 1996 alimwondoa mkuu wa kitengo kimoja kikubwa baada ya kubainika kwamba wafanyakazi nchini Mexico walidhurika na gesi na taarifa haikufikishwa makao makuu. Kosa lililomwondoa lilikuwa kutofikisha taarifa. Viwanda vingi hufanya kinyume: humwadhibu anayeripoti, humsifu anayenyamaza, kisha hutundika ubao wenye siku 300 bila ajali. Ubao kama huo mwekezaji auogope. Kiwanda cha visu na misumeno ambacho hakina hata jeraha dogo daftarini ama kina malaika watupu, ama kina watu wanaoficha vidole vyao mifukoni.

Huku Afrika Mashariki

Jambo hili si la ng'ambo tu. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kenya na kuingia Tanzania. Virusi vyake humfikia mtu kwa njia ya mbu, lakini vilevile kwa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo mchinjaji na mchunaji asiye na glavu wala buti ni miongoni mwa wanaoathirika mwanzo. Biashara ya mifugo ilivurugika, minada ikafungwa katika maeneo yaliyoathirika, na walaji wakaikimbia nyama. Katika machinjio, kinga ya mfanyakazi na imani ya mlaji ni kitu kimoja. Mtu akimwona mchinjaji akitembea pekupeku kwenye damu, hana haja ya kuuliza nyama yenyewe inatunzwaje.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tangu 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaochangiwa na mwajiri. Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, ya usalama kazini na ya fidia kwa walioumia. Sheria ya Kenya inataka kamati ya usalama katika kila sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi, na ukaguzi angalau mara moja kila mwaka. Hata hivyo Hamlet imeonyesha kwamba sheria iliyoko kabatini haifungui mlango. Jimbo la North Carolina nalo lilikuwa na sheria mwaka 1991. Fidia nayo, hata ikilipwa kwa wakati, humfikia mtu akiwa ameshakatwa.

Wawekezaji wa hapa wanahimizwa kuweka fedha katika machinjio ya kisasa, na nchi za Ghuba zimekuwa wateja wakubwa wa nyama ya kanda hii. Hilo ni jambo jema. Lakini uwekezaji huo huja na mitambo ya baridi, gesi, mikanda na misumeno ambayo machinjio ya zamani hayakuwa nayo. Kununua mashine bila kununua mazoea ya kuitumia ni kununua nusu ya kiwanda. Nusu ya pili haiuzwi na wakala wa mashine. Hujengwa na uongozi, taratibu, kwa kutenda jambo lile lile leo na kesho mbele ya wafanyakazi wote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Mwenye hisa 200 hana kiti katika Bodi ya Wakurugenzi, lakini ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu. Mfanyabiashara anayenunua nyama kwa jumla ana haki ya kutembelea kiwanda. Yapo maswali machache yanayotosha, na jibu lake huonekana hata lisiposemwa.

La kwanza: nani anahusika na usalama, na anaripoti kwa nani? Ikiwa ni karani aliyepewa kazi hiyo juu ya nyingine tano, hakuna anayehusika. La pili: ni mara ngapi mwaka jana kazi ilisimamishwa na mfanyakazi wa kawaida? Jibu la "hakuna" si habari njema. La tatu: matukio ambayo nusura yawe ajali yanaandikwa, na nani huyasoma? La nne: msimamizi hulipwa posho kwa kilo tu, au na kwa watu waliorudi nyumbani wazima? La tano: milango ya dharura iko wapi? Hili la mwisho halihitaji jibu la mdomo. Mgeni aombe kuonyeshwa, kisha ausukume mlango kwa mkono wake.

La sita linahusu kufuli, kwa sababu kufuli lina mahali pake halali kiwandani. Mashine ya kusaga au kukata inapofunguliwa ili isafishwe, swichi yake inatakiwa kuzimwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye mkono wake umo ndani ya mashine. Si mfukoni mwa msimamizi, wala mwa mlinzi. Hapo hakuna mwingine anayeweza kuiwasha kwa haraka au kwa kusahau. Kufuli hilo ni la bei ndogo. Mwekezaji aulize kampuni inayo mangapi, na funguo hukaa kwa nani.

Kampuni mbili zinaweza kununua makufuli ya aina moja dukani, siku moja, kwa bei moja. Moja ikayaweka kwenye swichi ili kulinda mikono, nyingine ikayaweka mlangoni ili kulinda nyama. Vitabu vya hesabu vitayaandika sawasawa, kama vifaa vidogo vidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini Hamlet haukubaki ukuta wa kujenga wala mwenye nyumba wa kuujenga. Mwenye hisa mwenye busara asisubiri taarifa ya mwaka ijayo. Aende kiwandani, autazame mlango.